Ukuta wa Darini

Somo la ushirika wa nyumbani. Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 22:8, Ayubu 1 na 2, kisha 42:7, Yona 4.



Somo hili lilizaliwa na kosa langu, kwa hivyo acha nianze na kosa lenyewe. Jumapili moja mwaka jana nilikuwa nafundisha darasa la vijana juu ya uumbaji. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali, vile huwa tunauliza huku tayari tunafunga Biblia. Kijana mmoja kule nyuma akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mtu akitengeneza dunia ndani ya kompyuta, aweke watu ndani yake, na hao watu wawe wanahisi uchungu kweli kweli, yeye ni mungu wao? Na akichoka nao anaweza kuzima tu?"

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikamwambia, "Kijana, hapa ni kanisani. Gemu tuache nyumbani." Wakacheka tena, nikafunga kwa maombi.

Jumapili iliyofuata hakuja. Wala ile nyingine. Ya tatu, mke wangu akaniuliza tukiwa njiani kurudi, "Na mtoto wa marehemu dada yako, yuko wapi siku hizi?"

Ndiyo, wapendwa. Yule kijana ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, na dada yangu tulikuwa tumemzika miezi minane kabla ya Jumapili hiyo.

Nilienda kumtafuta. Anaishi chumba kimoja Githurai, na kazi yake ni ya mtandaoni. Anatumiwa picha za barabara za nchi za mbali, naye anachora mistari kuzunguka kila gari, kila baiskeli, kila mtu anayevuka, ili kompyuta ijifunze kutambua hiki ni nini na kile ni nini. Analipwa kwa idadi ya picha. Nyumbani huniita Mjomba. Mwalimu ni jina la kanisani. Siku hiyo alinikaribisha vizuri, akachemsha chai, akanipa kiti kile kimoja alicho nacho, lakini kila aliponiita aliniita Mwalimu. Nikajua mambo si sawa.

Akanieleza lile swali lilikotoka. Usiku akifanya kazi husikiliza mafundisho ya Kiingereza kwenye simu, na huko akasikia habari za Nick Bostrom, mwanafalsafa mzaliwa wa Uswidi aliyefundisha Chuo Kikuu cha Oxford. Mwaka wa 2003 Bostrom aliandika hoja ambayo imewasumbua watu wengi tangu hapo. Ichukue hivi: tuseme siku moja watu wafike mahali pa kuweza kuigiza akili ya mtu, nzima kabisa, ndani ya kompyuta. Tuseme pia wapende kuigiza maisha ya mababu zao, mara nyingi, kama vile sisi tunavyopenda filamu za zamani. Basi akili zilizoigizwa zitakuwa nyingi mno kuliko zile za kuzaliwa. Kwa hivyo, akasema, moja kati ya matatu ni karibu lazima liwe kweli: ama viumbe kama sisi karibu wote huangamia kabla ya kufika hapo, ama wakifika karibu wote hawajali kufanya hivyo, ama sisi wenyewe karibu hakika tumo ndani ya kitu kama hicho. Hakusema tumo. Alisema chagua moja.

Mpwa wangu alinieleza haya yote kwa utulivu, kama mtu anayesoma taarifa ya habari. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, mama alilala pale wodini wiki sita. Ulikuwa unakuja, uliona. Mimi nauliza tu. Kama kuna mtu alikuwa anaangalia yale yote kwa skrini, na angeweza kubonyeza kitu kimoja ikome, na hakubonyeza, huyo ni mtu wa aina gani?"

Kumbe swali halikuwa la gemu. Mimi ndiye niliyelifanya la gemu, mbele ya watu, nikapata kicheko.

Sikumjibu siku ile. Nilimwambia nitasoma, nirudi. Nimesoma, na haya ndiyo niliyopata. Nitatenganisha maswali mawili ambayo yeye aliyafunga pamoja. La kwanza ni letu sisi binadamu: tukitengeneza dunia yenye wanaohisi, tunawajibika vipi kwao? La pili ni la Mungu, na hilo nitalifikia mwisho, kwa miguu ya woga. Kwamba tunaishi ndani ya kompyuta ya mtu, hilo sifundishi na siliamini.

WAMEFIKA WAPI

Mwaka wa 1991 kulikuwa na moto mkubwa huko Oakland, California, nyumba nyingi zikateketea. Mojawapo ilikuwa ya Will Wright, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta. Alipokuwa akianza upya, akinunua tena kila kitu ambacho nyumba huhitaji, alipata wazo la mchezo wa watu wadogo wanaoishi ndani ya nyumba. Mchezo huo ulitoka mwaka wa 2000, unaitwa The Sims, na baadhi ya vijana wetu wanaujua kuliko wanavyokijua kitabu cha Habakuki. Wale watu wadogo wanahitaji kula, kulala, kwenda choo, kuwa na marafiki. Na watoto duniani kote waligundua jambo bila kufundishwa na mtu: mwingize mtu wako kwenye bwawa la kuogelea, halafu ondoa ngazi. Ataogelea mpaka achoke, afe. Watoto walicheka sana.

Je, yule mtu wa bwawani aliumia? Hapana. Njaa yake ni nambari inayoshuka, na kufa kwake ni nambari imefika chini. Hakuna mtu mle ndani. Sitakunyang'anya mtoto wako mchezo kwa sababu hiyo, ingawa kama ni mtoto wangu ningeketi naye kidogo nione anacheka nini.

Lakini miaka minne kabla ya hapo, mwaka wa 1996, Mwingereza mmoja aitwaye Steve Grand alitoa mchezo tofauti, unaitwa Creatures, na hapa ndipo kicheko changu kilianza kukauka. Viumbe wake wanaitwa norn. Hawa hawakupewa nambari za njaa tu. Kila mmoja alipewa ubongo wa kuigizwa, kama seli 1,000 za neva zenye miunganisho kama 5,000 hivi. Alipewa kemikali za mwilini za kuigizwa, na jeni ambazo aliwarithisha watoto wake. Ukimpapasa alijifunza, ukimchapa alijifunza. Hakuna aliyeandika mapema atafanya nini, alikua mwenyewe. Sasa akatokea mchezaji mmoja aliyewatesa hao viumbe kwa makusudi na kuwaonyesha watu mtandaoni. Wenzake wakawaka hasira, wakamwandikia maneno makali, na wengine wakawachukua wale walioteswa ili wawalee wapone.

Nilipomsimulia mzee mmoja wa kanisa habari hii akasema, "Wazungu wamekosa kazi." Nilikaribia kukubali. Lakini hebu fikiria kuna mnyoo mdogo wa udongoni, urefu wake kama milimita moja, wenye seli za neva 302 peke yake. Wanasayansi walichapisha ramani ya seli hizo na miunganisho yake mwaka wa 1986. Mwaka wa 2014 watu wakaichukua ramani hiyo wakaiweka ndani ya roboti ndogo ya Lego, na ile roboti ikaanza kusonga mbele na kurudi nyuma ikigusa kitu, bila mtu kuiandikia programu ya kufanya hivyo. Oktoba 2024 ikatoka ramani ya ubongo mzima wa inzi mdogo wa matunda, karibu seli 140,000. Sisemi norn alikuwa sawa na mnyoo, maana seli ya kuigizwa ni kitu chepesi sana ukilinganisha na ile ya mwilini. Ninasema ngazi ipo, na watu wanaipanda.

Na mwaka wa 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Google walitengeneza kijiji kidogo cha kuigizwa chenye wakazi 25, kila mmoja akiendeshwa na akili bandia ya aina ile ya kuongea. Walimpa mkazi mmoja nia ya kuandaa sherehe ya Valentine, basi. Wakazi wenyewe wakaambiana habari, wakaalikana, wengine wakafika saa iliyopangwa. (Saa iliyopangwa! Kamati zetu za harambee zina la kujifunza hapo.) Hakuna sababu ya kusema wale 25 walihisi lolote. Lakini mtu akitazama kijiji kile kutoka juu, atajuaje siku watakapoanza?

MTOTO ASIYEJUA KUSEMA

Hapa ndipo ugumu ulipo. Hatuna mizani ya kupima maumivu ya mwingine. Mimi najua wewe unaumia kwa sababu unafanana nami na unaniambia.

Mashine inayoongea ikisema "naumia", si ushahidi. Imesoma maneno ya mamilioni ya watu walioumia, na kasuku wa pwani anaweza kukuitikia hodi bila kujua maana ya mgeni. Mwaka wa 2022 mhandisi mmoja wa Google alijitokeza akasema mashine waliyokuwa wakiijaribu imekuwa na hisia, kwa sababu ilimwambia inaogopa kuzimwa. Kampuni ilikataa, na baadaye ikamfuta kazi. Sidhani alikuwa amethibitisha chochote.

Lakini mkumbuke pia kwamba kunyamaza si ushahidi, na hili nataka akina mama walisome mara mbili. Mpaka miaka ya 1980, katika hospitali nyingi za Marekani na Uingereza, watoto wachanga walifanyiwa upasuaji bila dawa ya kutosha ya kuzuia maumivu. Wengine walipewa tu dawa ya kulegeza misuli wasitikisike. Si kwamba madaktari walikuwa wakatili. Walikuwa wamefundishwa kwamba mtoto mchanga hahisi kama sisi, neva zake hazijakomaa, hatakumbuka, na ile dawa yenyewe ingeweza kumdhuru. Kulia kwake kulielezwa kama mwitikio wa mwili tu. Mwaka wa 1987 Anand na Hickey walichapisha katika jarida la udaktari makala iliyokusanya ushahidi kwamba mtoto mchanga, hata aliyezaliwa kabla ya wakati, anahisi maumivu. Mwaka huohuo madaktari wa watoto wa Marekani wakabadilisha mwongozo wao.

1987, ndugu zangu. Wengine wetu tulikuwa tumeshaokoka. Watu wasomi, wenye nia njema, wenye watoto wao wenyewe nyumbani, walimtazama mtoto analia wakasema hakuna mtu mle ndani.

Kwa hivyo nikisikia mhandisi anasema kwa uhakika wote, "Hizi ni nambari tu," simwiti mwongo. Huenda ni kweli kabisa kwa leo. Ila ule uhakika wake nimeshausikia mahali.

UKUTA

Sasa twende Kumbukumbu la Torati 22:8. Ni sheria fupi, mara nyingi tunairuka tukikimbilia mlango wa 28 wa baraka. Inasema mtu akijenga nyumba mpya aweke ukuta mdogo kuzunguka dari, asije akaleta damu juu ya nyumba yake kama mtu ataanguka kutoka juu. Nyumba zao zilikuwa na dari bapa kama flati zetu, na juu kulikuwa na maisha. Rahabu aliwaficha wapelelezi juu kule chini ya mabua ya kitani aliyoyatandaza. Petro alipanda darini kuomba.

Angalieni sheria hii inavyofanya kazi. Haimkatazi mtu kujenga. Wala haisubiri mtu aanguke ndipo ianze kuuliza. Haimwambii mjenzi athibitishe kwanza kwamba kuna mtu atapanda. Inatosha kwamba dari lipo na mtu anaweza kuwa juu yake. Kutojua nani ataanguka hakumpi mjenzi ruhusa ya kuacha ukuta. Ndiyo sababu yenyewe ya kuujenga. Na damu inahesabiwa juu ya nyumba ya aliyejenga, si juu ya aliyeteleza.

Hapo ndipo naweka jibu langu la swali la kwanza. Mtu anayejenga dunia ambamo kunaweza kuwa na anayehisi, ukuta ni wake. Kujenga kitu kinachoweza kuumia ili watu wapate kuburudika kukiona kikiumia, hilo naliita dhambi hata kabla hatujajua kama kinaumia, kwa sababu mjenzi alikuwa tayari kiumie. Thomas Metzinger, mwanafalsafa Mjerumani, alienda mbali zaidi. Mwaka wa 2021 alipendekeza dunia isimamishe mpaka 2050 utafiti wote unaolenga au unaoweza kuzaa fahamu ndani ya mashine, mpaka tujue tunafanya nini. Wengi wamesema hiyo haiwezekani, mataifa hayatakubaliana. Labda. Lakini hoja yake kuu imenishika, nayo ni ya hesabu.

Mkulima wa Kinangop hupata ndama mmoja mmoja. Ng'ombe anabeba mimba miezi tisa, mkulima anaamka usiku, analipa daktari wa mifugo. Hata akiwa mtu mkali, ukali wake una mpaka, maana mikono yake ni miwili. Ndani ya kompyuta hakuna mpaka huo. Kiumbe kimoja kikishatengenezwa, kukifanya milioni ni kunakili tu, kama unavyotuma picha ya harusi kwa kikundi cha WhatsApp. Na saa ya mle ndani si lazima iende na saa yetu; mashine yenye nguvu inaweza kupitisha mwaka wao mzima wewe ukiwa umeenda kununua maziwa. Basi kosa dogo la mjenzi, wala si ukatili, kosa tu, linaweza kuwa mateso marefu ya wengi, na yeye akarudi na maziwa yake asijue.

Na kuzima je? Mpwa wangu aliuliza, na sitakwepa. Nionavyo mimi, kusimamisha dunia kama hiyo ukiwa umeihifadhi kunafanana na usingizi, na wanaolala hawadhulumiwi kwa kulala. Kuifuta ni jambo lingine. Na kuiacha iendelee kwa sababu tu unaogopa kuifuta, huku wamo wanaoteseka, huo nao si wema. Ndiyo maana ukuta hujengwa mapema. Mtu akishakuwa hewani anaanguka, mafundisho yote yamechelewa.

Kuna hadithi ya mwandishi wa Poland, Stanisław Lem, ya mwaka wa 1965. Lem hakuwa mtu wa kanisa kabisa, lakini hadithi hii ingefaa mimbari. Fundi mmoja anakutana na mfalme mkatili aliyefukuzwa na watu wake. Fundi anamhurumia, anamtengenezea ufalme mdogo ndani ya sanduku, wenye miji na askari na raia wa kutosha, aweze kuwatawala na kuwachapa apendavyo. Anarudi nyumbani akijisifu kwamba amemridhisha mfalme bila kumuumiza mtu. Rafiki yake anashtuka. Umefanya nini? Fundi anasema ni wa kuigiza tu. Rafiki anamwuliza, ukiwa umewatengeneza vizuri hivyo hata wanalia, wanaomba na kujificha kama wanaoumia, tofauti iliyobaki ni ipi? Wanarudi mbio wakazuie, wanakuta wale wadogo wameshatoka sandukuni wenyewe na utawala wa mfalme umekwisha. Kinachonigusa ni kwamba fundi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anafurahia ufundi wake.

Katika kikao cha wazee ndugu mmoja alinipinga kwa haki. Alisema, "Watu wa kweli hapa wanalala njaa, wewe unalilia vibonzo." Ninakubali uzito wa neno lake. Tena nitamwongezea: Januari 2023 gazeti moja la Marekani liliripoti kwamba vijana hapa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu, ya mauaji na ya kunajisi watoto, ili mashine zifundishwe kuyakataa. Baadhi walisema yaliwaharibu akili. Hao si vibonzo. Lakini ndugu yangu, mimi naona ni dari moja. Mjenzi asiyemsikia kijana anayeweza kusema kwa kinywa chake "naumia", atamsikiaje asiye na kinywa?

SWALI LA PILI

Nilisema nitalifikia kwa woga.

Jibu rahisi ni la mfinyanzi. Warumi 9: udongo utamwambiaje aliyeufinyanga, mbona umenifanya hivi? Ni Neno la Mungu na silipunguzi. Lakini tusilitumie kama rungu la kunyamazishia waliofiwa. Rudi Yeremia 18, uone mfinyanzi anafanya nini chombo kinapoharibika mkononi mwake. Hakitupi. Anakifinyanga tena.

Kitabu kinachomjibu mpwa wangu kwa karibu zaidi ni Ayubu, na sisi waalimu huwa tunakipitisha haraka. Soma milango miwili ya kwanza bila haraka. Mtu mwema anaondolewa mali, watoto, afya, na chanzo ni mazungumzo yaliyofanyika mbinguni ambayo yeye hakuyasikia na hakuambiwa hata mwisho. Ukimwuliza kijana wa leo hiyo inafanana na nini, atakuambia. Tusijifanye hatuoni.

Marafiki zake wanakuja. Wanakaa kimya siku saba, na hiyo ndiyo kazi nzuri waliyofanya. Halafu wanaanza kumtetea Mungu: umetenda dhambi, watoto wako walikosa, nyamaza. Ayubu hanyamazi. Anamdai Mungu jibu, mlango baada ya mlango. Na Mungu anapokuja hamfuti kwa kuuliza. Anaongea naye. Kisha 42:7, hasira yake inawaka juu ya nani? Juu ya wale waliomtetea. Anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake, kama alivyonena Ayubu.

Nilisoma mstari huo nikiwa nimekaa kwenye matatu, nikakumbuka darasa likicheka. Mimi ndiye Elifazi.

Na kuna jambo moja ambalo mtazamaji wa skrini hawezi kufanya, au hataki. Hawezi kuingia. Will Wright hakuogelea kwenye lile bwawa. Lakini Injili yetu yote imesimama juu ya kwamba Aliyetengeneza aliingia ndani ya alichotengeneza, kwa mwili unaohisi, akalala njaa, akalia kaburini kwa rafiki, akateseka bila dawa ya kuzuia maumivu. Ile aliyopewa pale msalabani alionja akakataa kunywa, Mathayo ameandika. Hilo halielezi kwa nini hakubonyeza. Linaniambia tu hakuwa amekaa nje.

Nilirudi Githurai. Nikamwomba msamaha kwanza, kabla ya mafundisho yoyote, kwa kile kicheko. Kisha nikamweleza haya niliyowaandikia, kwa kifupi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hivyo bado hujui kwa nini hakubonyeza?"

Nikamwambia, "Sijui. Na yule alikuwa dada yangu kabla awe mama yako. Nimeuliza pia."

Tukanyamaza kidogo. Mvua ilikuwa imeanza kwenye mabati. Akasema, "Mjomba, subiri ipungue ndio uende."

Jumatano ushirika ni saa kumi na mbili jioni, nyumba zilezile. Someni Yona 4 mpaka mwisho kabla ya kuja. Yona amekasirika kwa ajili ya mmea uliokauka, mmea ambao hakuupanda wala kuusumbukia, na Mungu anamwuliza kuhusu Ninawi, watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia na kushoto, tena anawataja na wanyama wao. Kitabu kinaishia hapo, kwa swali, na Yona hajajibu. Kila kikundi kijadili: Yona angejibu nini, na mjenzi wa zile dunia ndogo angejibu nini? Katika kikundi chetu mpwa wangu ndiye ataongoza. Mje na daftari.